Karatasi Mbili kwa Pumzi Moja

Kakamega Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Selpher,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, za kanisani na za nyumbani. Natumai mmeamka salama huko Chekalini, na kwamba Mama yetu wa huko anaendelea vizuri na magoti yake. Mahindi yamefikia wapi? Huku mvua inanyesha kila alasiri bila kukosa, nguo hazikauki, na miwa ya Mama imefunga hadi mtu akipita ndani humwoni. Sisi ni wazima. Mama pia ni mzima, na habari zake ndizo hasa zilizonifanya nishike kalamu, lakini nitafika huko polepole.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Nilijaribu kukupigia. Ukapokea, ukasema haloo dada, nikaanza kuuliza habari za ng'ombe, na habari za ng'ombe zikaisha na mimi bado sijasema kitu. Mimi kwenye simu ni mwoga. Kwenye karatasi najiweza, maana karatasi ndiyo kazi yangu.

Kwanza nataka kukushukuru. Nilikushukuru siku ile ya mazishi ya Baba, lakini ilikuwa shukrani ya mtu anayelia na kupenga kamasi, sidhani uliielewa. Sasa nakushukuru nikiwa nimeoga, nimekula, na akili zangu zimerudi. Na kwa kuwa wewe uliona tu yaliyotokea hemani, wacha nikueleze pia yaliyotokea kwenye mashine, ili ujue ni kitu gani hasa ulichonifanyia.

Unajua Baba alivyokuwa akijisifu kwa ajili yangu. Kila mtu pale kwetu Lubao aliambiwa kwamba binti yake ni fundi wa magazeti, ingawa mimi sijawahi kuchapa gazeti hata moja. Nachapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, mitihani ya shule, na zaidi ya yote programu za mazishi. Alhamisi kwetu hakuna kukaa chini, kwa sababu watu wanazika Ijumaa na Jumamosi na kila familia inataka yake. Basi Baba alipotutoka nilisema programu yake haitachapwa na mtu mwingine. Tajiri wangu alinipa mashine bila kuuliza swali, Mungu ambariki.

Mashine yenyewe ni ya zamani, nzito, lakini kazi yake inafanya kwa upole. Karatasi zinapangwa kwa rundo nyuma. Juu ya rundo kuna vimipira vidogo kama midomo, na pampu inavuta hewa kupitia vimipira hivyo. Mdomo unashuka, unanyonya karatasi ya juu, unaiinua na kuikabidhi kwa vidole vya chuma vinavyoipeleka kwenye wino. Ufundi wote uko kwenye koki ya hewa. Karatasi ngumu ya jalada inataka pumzi kubwa, la sivyo haiinuki. Karatasi nyepesi ya ndani inataka pumzi ndogo, la sivyo inakuja na mwenzake wa chini. Mtu wa kazi hii anaishi na mkono kwenye koki, kama mpishi na moto.

Siku hiyo nilianza na jalada, lile lenye picha ya Baba akiwa na kofia. Nikafungua koki. Likatoka vizuri sana, hata Kibet, mwenzangu anayekunja na kupiga pini, alisimama akalitazama kwa muda. Kisha nikaja kwenye kurasa za ndani, nikapunguza koki mahali ninapoipunguzanga siku zote. Kosa liko hapo. Karatasi ya kawaida ilikuwa imekwisha, tukatumia nyingine nyepesi zaidi iliyokuwa imekaa karibu na dirisha wakati wa mvua. Karatasi nyepesi yenye unyevu hushikana. Nilipaswa kuipepeta rundo kwa rundo, na kupunguza koki tena. Badala yake nilikuwa nimeinama mbele ya mashine nikisoma maisha ya Baba jinsi yalivyokuwa yakitoka.

Zikienda karatasi mbili pamoja, ya juu ndiyo inayopata wino. Ya chini inatoka nyeupe upande huo. Anayekunja akiwa na nafasi, anaziona na kuzitoa. Lakini Kibet hakuwa na nafasi, kazi ya familia nyingine ilikuwa mlangoni ikingoja, na mimi nilikuwa nimeitwa nyumbani kwa sababu ya hema. Na kati ya kurasa zote, Selpher, ule ulioharibika ulikuwa wenu, wa nyumba ya Baba ya Chekalini, Mama yako na watoto wake. Ingekuwa ukurasa wa nyimbo, watu wangeimba tu kwa kichwa.

Yaliyofuata uliyaona. Ndugu yako alifungua programu, akakuta majina ya nyumba ya Mama yangu, watoto na wajukuu, kisha akafunua ukurasa akakuta weupe. Akaomba ya jirani yake, nayo nyeupe. Nakala nzuri zilikuwepo, nyingi tu, lakini nani alikuwa akizitafuta? Walioshika zile nyeupe ndio waliozinyanyua juu. Nilimsikia akisema kwamba tumewafuta kabla hata mzee hajaingia ardhini. Nikasikia wajomba zenu wakiuliza dereva wa basi yuko wapi. Lakini kilichonichoma zaidi ni Mama Chekalini. Aliikunja ile programu mara kadhaa, ikawa ndogo kabisa, akaitia mkobani na kufunga zipu.

Najua watu wangu. Mngegeuka mkaondoka siku hiyo, msingerudi tena. Watoto wangu na wako wangekutana siku moja shuleni au kazini wakasalimiana kama wageni. Ndiyo maana nilimnyang'anya Baba mdogo Isaiah kipaza sauti alipokuwa akiongoza ratiba, jambo ambalo hajanisamehe mpaka leo.

Nilipoeleza mambo ya hewa na vimipira, niliona nyuso za watu zikisema huyu sasa amechanganyikiwa na msiba. Mzee mmoja aliuliza kama mashine ina mdomo. Nikajibu kwamba inayo mingi. Akataka kujua inanyonyaje. Ndipo nikachana programu moja, nikashika karatasi mbili pamoja, nikaziweka mdomoni. Nikavuta pumzi kidogo, ikashika moja na nyingine ikaanguka. Nikavuta kwa nguvu, zikashika zote mbili. Mbele ya jeneza la baba yangu, nimevaa nguo nyeusi, karatasi zinaning'inia mdomoni kama mbuzi aliyeiba kitabu. Wanakwaya wenzangu waliinamisha vichwa kwa aibu. Wajomba zenu waliendelea kusimama.

Kisha wewe ukainuka. Nilidhani unakuja kunipiga kofi, na nakuambia ukweli, nilikuwa tayari kulipokea. Ukachukua zile karatasi mkononi mwangu. Ukaziweka mdomoni mwako ukafumba macho ukavuta, zikaja zote mbili. Ukarudia polepole, ikaja moja. Ukaitoa, ikiwa na alama ya rangi ya mdomo wako, ukashika kipaza sauti ukasema ni kweli, inawezekana. Ukaomba nakala nzuri, ukasoma ukurasa wa nyumba yenu jina kwa jina, mpaka yule mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Ndugu yako akaketi. Baba akazikwa watoto wake wote wakiwepo.

Hukuwa na sababu ya kuniamini. Kwetu hukupata makaribisho ambayo mtoto anastahili kwa baba yake, hilo nalijua na wewe unalijua. Ungeweza kuniacha hapo na karatasi zangu mdomoni. Lakini ulitembea mbele ya watu wote ukajaribu kwa mdomo wako mwenyewe. Asante, mdogo wangu. Nitasema asante hii hadi nizeeke.

Sasa nifike kwa Mama.

Baada ya matanga alianza kunifanyia mambo ya ajabu. Ananitumia ingokho, kuku wa kienyeji, kazini kwa bodaboda, imepikwa, imefungwa vizuri. Siku moja nafungua nakuta firigisi, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa ya Baba peke yake, hata mgeni hakupewa. Nikasema labda ni huzuni. Nikipita nyumbani ananishika mkono na kuutazama, kisha anauachilia. Mama yangu, unavyomjua, si mtu wa kushika watu mikono.

Katikati ya wiki akaja hapa kwangu, akakaa kitandani, akasema amekuja kunishukuru. Nikauliza kwa nini. Akasema kwa uongo niliosema mbele ya mwili wa Baba ili kumfichia aibu. Akasema Mungu atanisamehe kwa sababu nilidanganya kwa ajili ya mzazi.

Selpher, nitakueleza kama alivyoniruhusu nieleze. Tulipokuwa tukiandaa programu, Mama aliniita jikoni akaniambia niuondoe ukurasa wa Chekalini. Alisema ninyi mtachapa wenu, kwamba siku ya kumzika mume wake hataki kusoma jina la mwanamke mwingine. Nilikoroga obusuma, ugali wetu, nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kugombana na mjane. Yeye akachukua kunyamaza kwangu kuwa nimekubali. Nami nikaenda nikauweka ukurasa wenu wote, bila kupunguza mtu.

Na nakala iliyomfikia mkononi ilikuwa ya zile nyeupe. Kwa hiyo kati ya watu wote wa kwetu waliokuwa chini ya hema, ni yeye peke yake aliyeamini kwamba maneno yenu ni ya kweli, kwamba mmefutwa na kwamba ni yeye aliyewafuta. Niliposimama na hadithi ya hewa, alidhani naitunga papo hapo. Hata ulipojaribu mwenyewe, alidhani nimekuchezea akili. Amekaa na hilo wakati wote huo, akinitumia kuku.

Nikamwambia, Mama, sikudanganya. Nikatoa nakala nzuri nikamwonyesha ukurasa wenu. Aliusoma wote. Kisha akauliza kama ni kweli basi kwamba yule msichana alijaribu kwa mdomo wake na akapata ukweli. Nikasema ni kweli. Akalia mpaka nikaogopa. Alisema alipoona ule ukurasa mweupe moyo wake ulifurahi. Hilo ndilo neno alilotumia, sikulibadilisha. Halafu akamwona Mama yako akikunja karatasi yake na kuitia mkobani, na furaha ikaishia hapo hapo, na tangu siku hiyo hajui kulala.

Ijumaa akaniambia anataka kuiona hiyo mashine. Kibet akamtafutia kiti. Nikapepeta karatasi, nikapunguza koki, nikachapa ukurasa wenu upya, naye ameinama karibu na vimipira mpaka ikabidi nimwambie arudishe kitambaa chake nyuma kisije kikashikwa. Alitazama karatasi ikiinuliwa moja, nyingine, nyingine. Zilipotoka alizichukua akazipitisha mikononi, pande zote mbili, hakuna hata moja aliyoniachia mimi. Hizi ninazokutumia zimekaguliwa naye. Ni za nyumba yenu yote, na za ibada ya makumbusho ya Baba.

Nilimwuliza nikuandikie nini. Akasema niandike yote, nisitie sukari. Anaweza kuandika mwenyewe, lakini anasema mkono unakataa. Na mimi nimekubali kwa sababu yangu nyingine. Uliniamini mbele za watu kuhusu mashine, na kuhusu mashine nilisema kweli tupu. Lakini ndugu yako hakukosea kila kitu siku ile. Kuna mtu aliyetaka mfutwe, na sipendi ubaki ukinipenda kwa sababu ya nusu ya habari. Ukikasirika, kasirika. Nitangoja.

Kuna ombi moja. Mama anataka kuja Chekalini kabla ya makumbusho, kama mtamruhusu kuingia. Hajawahi kukanyaga huko maisha yake yote. Anasema msichinje chochote, na mkitaka atasimama nje ya lango. Nilimwuliza anakuja kutafuta nini, akanijibu hivi: "Kila mara Baba yenu aliniaga, nami nilimngoja tu. Sikujua alikuwa anaendanga wapi. Nataka nione." Ongea na Mama yako kwanza, kisha ndugu yako. Msiharakishe. Jibu lolote mtakalotoa nitamfikishia.

Wasalimie watoto wote, na huyo wa mgongoni hasa. Kibet anawasalimu na kuomba radhi kwa kutokukagua. Baba mdogo Isaiah naye anawasalimu, amenuna lakini anawasalimu.

Na Mama anamsalimu mke mwenzake. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwita hivyo. Nilipoandika "Mama Selpher" alinisimamisha, akaniambia nikate, niandike kama alivyosema.

Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Maximilla Andati.