Zuhura Hakuandika Jina

Jumapili, alasiri. Jua linauma, na upepo nao umeamua kumwaga vumbi lote la Ipuli ndani ya nyumba yangu. Nimefagia, nimefagia tena. Nakaa, nasimama, nakaa.

Situlii.

Mke wangu Zuhura alikuwa muuguzi. Alifariki kabla ya mfungo, hata kustaafu hajastaafu. Nilipokwenda kufuatilia mafao yake kwenye mfuko wa pensheni, karani akaniambia mahali pa kuandika mrithi pako wazi. Nirudi na muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, ndipo tuongee.

Watu wanadhani nahangaikia fedha. Sikatai, ada ya binti yetu Asha inanikaba koo, na fundi cherehani hatajiriki kwa kupunguza suruali za watu. Lakini kinachoninyima raha ni pale palipoachwa wazi. Miaka yote ile ya ndoa, Zuhura, hata jina langu lilikushinda kuandika? Kwani nilikukosea nini?

Jana kikao kilikaa Bukene, kwao. Mwanaume kwenda ukweni kuulizia mali ya mkewe, loh! Aibu niliyoiona sina pa kuiweka. Shemeji yangu Idi, kaka wa marehemu, hakungoja hata chai ipoe.

"Angekuamini, si angekuandika?"

Swali langu mwenyewe hilo, sasa linatoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya ukoo mzima. Nikaona basi, usimamizi atapewa yeye, na mimi nitakuwa wa kuomba ada ya mwanangu kwa shemeji.

Mama mkwe alikuwa ndani na akina mama. Kwa heshima ya ukwe hatujawahi kukaa mkeka mmoja. Salamu zetu huwa za mbali, shikamoo, marahaba, yameisha. Jana akatoka, akaja kuketi mbele yangu kabisa. Watu wakaguna.

"Baba Asha, hapo pa kuandika jina, langu lilikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Nilimzaa. Nikamsomesha kwa kulima mpunga. Na mimi hakuniandika. Tangu unipigie simu kuomba kikao hiki cha mafao yake, silali. Nilidhani nimesahauliwa peke yangu."

Nikalia. Ukweni, mchana kweupe, mbele ya mashemeji. Potelea mbali.

Mama akamgeukia Idi aliyeshika kalamu. "Mwandike huyu. Ndiye aliyemuuguza mwanangu."

Idi akaandika. Wote wakatia sahihi.

Kesho nitaamkia mahakamani. Jibu lako, Zuhura, sina, na nadhani sitalipata. Bado linaniuma, nisikudanganye. Ila leo nilipomaliza kufagia nimempigia mama yako kumjulia hali, mimi niliyekuwa namkimbia. Tumekusema wee, mpaka salio likaisha.