Shati la Getini

Tarehe 4 Februari

Kwa Kaka Koplo,

Pokea salamu, zikizidi wagawie wenzako wa bwenini. Goti linasemaje, bado linakutangazia mvua? Mimi mzima, tena nimenenepa mpaka mkanda umeomba likizo.

Habari za wewe kuachiwa na jeshi mwezi wa nne ninazo. Nasikia ofisi ya wastaafu wamekupa majina mawili uchague mpokezi wako, moja langu na jingine la Sajini Mbao. Kaka, yule mzee seremala? Atakupokea kwa kukukagua kucha.

Mpokezi, nimeisoma fomu mwenyewe bila kusaidiwa, usicheke, ni askari aliyetangulia kutoka, na kazi zake ni tatu. Akutafutie chumba. Aonane uso kwa uso na mtu atakayekuajiri. Na siku yenyewe asimame getini na shati na viatu vya kiraia, ubadilishe kwenye chumba cha walinzi, urudishe kombati, utoke mtu kamili.

Sasa nani anafaa kama mimi? Hapa gereji mimi ndiye fundi wa injini, mwenye gereji hakazi hata nati bila kuniuliza. Neno langu moja tu na kazi unayo. Najua vyuma vikigongana unashtuka, kwa hiyo nimeshakuchagulia kona ya nyuma, ya kushona viti vya magari. Sindano na uzi, nyundo hakuna. Mgongo wako ukutani, macho mlangoni, kama unavyopenda.

Nitumie vipimo vya shati na kiatu. Huko simu mmekatazwa, kwa hiyo andika, na mwandiko wako upige pasi kwanza.

Mdogo wako,
Tarumbeta


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu Tarumbeta,

Nashukuru umenikumbuka. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikaipunguza chumvi. Goti ni lile lile. Usingizi unakuja siku ukijisikia. Na wewe kifua kimepona?

Nimeandika jina lako. Karani akaniuliza kama nina uhakika, maana Sajini Mbao ana karakana na chumba cha uani, na vyote vimeshakaguliwa. Nikamwambia huyu kijana nimekaa naye handaki moja miezi kumi na moja. Anajua nikiweweseka aniite kwa jina akiwa mbali, asiniguse. Sajini hajui hilo. Basi jina la Sajini limefutwa.

Nikuambie wewe tu, naogopa. Miaka ishirini na miwili naambiwa saa ya kula na saa ya kunyoa. Juzi karani ameniuliza nikitoka ningependa kuishi wapi, nikamtazama kama mtoto aliyeulizwa hesabu. Kwa hiyo nimejishikiza kwako, na sioni aibu kusema hivyo.

Shati shingo kumi na sita. Viatu namba tisa, cha kulia weka kitambaa mbele, vile vidole viwili havikurudi nami. Wewe bado unajiita namba nane? Nakumbuka gwarideni, ulikuwa unageuka kulia, viatu vinafuata baadaye.

Siku ni tarehe 12 Aprili, saa tatu asubuhi.

Kaka yako,
Koplo


Tarehe 8 Machi

Kaka Koplo,

Hujambo, na goti halijambo? Mimi sijambo, kifua kimepona, kimebaki cha kujipigia tu.

Fomu nimeshaipeleka. Pale palipoandikwa “nimeonana na mwajiri” nimeweka tiki. Pale pa “nimekiona chumba” nimeweka tiki kubwa zaidi, karani akaniambia inatosha, unatoboa karatasi. Chumba kina dirisha linalotazama njia, utaona anayekuja kabla hajabisha. Mwenye nyumba ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu mpaka unaweza kupata kikombe cha chai kati ya neno na neno.

Shati nimenunua, la kahawia, mikono mirefu. Fundi cherehani wa jirani kasema kola kama hii anavaa mkuu wa shule. Viatu vyeusi, kitambaa nimeshaweka, nimevijaribu mwenyewe kwa kuzunguka nyumba mara tatu. Na mimi ni namba nane, kaka, tena ninabana. Usinichokoze.

Mdogo wako,
Tarumbeta


Tarehe 2 Aprili

Kaka Koplo,

Salamu. Natumaini mzima. Mimi nipo.

Kuna vitu vidogo huku vinarekebishwa. Hivi ile siku haiwezi kusogezwa mbele wiki mbili tatu? Nauliza tu.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na wewe nakutakia hivyo hivyo. Siku haisogei. Godoro nimesharudisha, nalalia blanketi. Vijana wamenikatia nywele za kiraia, sikio moja limebaki juu ya jingine.

Kama kuna kitu kimeharibika, sema. Sihitaji chumba chenye dirisha. Nahitaji nikifika getini nikukute.

Kaka yako,
Koplo


Tarehe 15 Aprili

Kwa Kaka Koplo, kwa mkono wa ofisi ya wastaafu,

Sijui umefikia wapi, kwa hiyo nimewaomba wakufikishie hii. Habari za afya? Yangu ndiyo iliyoniangusha. Usiku wa kuamkia tarehe 12 nilishikwa na tumbo, kaka, tumbo la kunikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo. Mpaka nainuka, jua limeshapinda. Gereji nzima wanauliza utafika lini.

Nijibu kwa fundi cherehani, duka la tatu nyuma ya stendi.

Mdogo wako,
Tarumbeta


Tarehe 3 Mei

Kaka Koplo,

Sikuulizi hali. Wiki mbili na nusu sina jibu lako, na nimejua maana yake.

Sikuumwa tumbo.

Nilikuwepo. Nilifika saa mbili na nusu. Ng'ambo ya geti kuna kibanda cha kutolea kopi, nilisimama ndani yake nyuma ya mashine, shati na viatu vyako mkononi kwenye mfuko wa bluu. Saa tatu umetoka chumba cha walinzi na bukta na fulana ya mazoezi na kandambili, maana kombati umesharudisha na nguo ya kiraia haikuletwa. Ukakaa juu ya sanduku lako. Wale kuruta wakapita wakikimbia, mmoja akakupigia saluti kwa utani, wakacheka. Hukumkaripia. Wewe ambaye ulikuwa ukimtazama mtu, vifungo vyake vinajifunga vyenyewe. Mwenye kibanda akaniuliza kama nina karatasi ya kutoa kopi. Nikamwambia nasubiri mtu.

Hatua thelathini. Nilizihesabu. Shati ningekupa, kaka, kukupa shati si kazi. Lakini baada ya shati ungesema, haya twende. Na mimi sikuwa na pa kukupeleka. Saa nane nimetokea upande wa nyuma wa kibanda, nikaondoka.

Sasa sikiliza na mengine. Mimi sijawahi kuwa fundi wa injini. Nilikuwa naosha vyuma kwa mafuta ya taa. Ile kona ya kushona viti ipo kweli, nilikuwa naitazama kila siku nikikuona umekaa pale, mgongo ukutani, mpaka nikaona kama nimeshamwambia mwenye gereji. Sikumwambia. Kila nikitaka kuanza, ananitupia boksi la nati. Tiki nikaweka. Mwisho wa Machi nikachukua gari la mteja nikamwonyeshe binti mmoja kuwa ni langu, nikalikwaruza ubavu mzima kwenye nguzo. Nikamwaga unga siku hiyo hiyo. Chumba cha dirisha ni cha yule binti, wala hakipangishwi. Chumba changu kimeondoka, simu nimeuza, nalala stoo ya fundi cherehani juu ya marobota ya vitambaa, asubuhi nampigia pasi.

Na hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Mimi nilipotoka jeshini niliwaambia ofisi sitaki mpokezi, mjomba wangu anakuja na gari. Mjomba sina. Nilitoka geti la nyuma na bukta, kaka. Nilitembea na bukta mpaka stendi, watu wananiuliza mechi imeishaje. Kwa hiyo pale kibandani nilijua hasa unachokisikia umekaa juu ya lile sanduku. Mwingine asingejua. Mimi nilijua na bado nikakaa nyuma ya mashine.

Na Sajini Mbao ulimkataa kwa ajili yangu.

Shati lipo. Nalipiga pasi kila Jumapili, sijui kwa nini.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu Tarumbeta,

Mimi mzima. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kalamu yenye hasira inachana karatasi. Sasa imepoa kidogo. Si yote.

Nilikuona. Saa nne kasoro. Unasimama umetupia uzito wote mguu mmoja, nimekupigia kelele miaka mitatu uache. Nilikuona na ule mfuko wako wa bluu. Ningeweza kuita jina lako, mara moja tu, ungekuja mbio, najua. Sikuita. Nilisema moyoni, avuke mwenyewe, mimi ndiye koplo. Nikakaa na kandambili zangu mpaka saa tisa nikikukomoa, na nikakuacha unateketea pale. Kwa hiyo usibebe peke yako.

Mlinzi ndiye aliyempigia simu Sajini Mbao. Alikuja na kigari chake cha kubebea mbao, akavua koti lake akanivisha, akasema, “Jina langu si ulilifuta wewe?” Nikasema ndiyo, afande. Akasema, “Haya, panda.” Hajaligusa tena neno hilo. Nipo karakanani, napiga msasa fremu za madirisha. Msumeno unanisumbua, ila kabla ya kuuwasha anapaza sauti, “Nauwasha,” na mimi najiandaa. Nilimfundisha hilo siku ya tatu. Kumbe linafundishika. Nilidhani ni wewe tu unayeweza kulijua.

Jingine. Ofisi wameniuliza kama nitakubali kuwa mpokezi wa mtu. Nimeandika jina lako. Karani akasema huyu alishatoka, miaka miwili sasa. Nikamwambia atazame vizuri, hana sahihi ya mpokezi popote. Akatafuta faili lako, kweli hana. Fomu hiyo hapa chini. Sajini anahitaji mtu wa kupaka vanishi, mtaonana uso kwa uso, tiki sitaweka mpaka nione. Chumba cha uani kina vitanda viwili. Mimi naweweseka na wewe unakoroma, tutajua wenyewe.

Jumamosi tarehe 7 Juni, saa tatu, geti lile lile. Nitakuwa juu ya sanduku. Wewe utatokea kibandani na utavuka hizo hatua thelathini mwenyewe, safari hii pia sikuiti. Lete shati langu. Nitaleta lako.

Jaza mwenyewe, na tarumbeta uiweke chini ukijaza.

Kaka yako,
Koplo


Tarehe 29 Mei

Kaka Koplo,

Shikamoo. Nimeisoma. Fundi cherehani ameniuliza mbona nimeunguza suruali ya mteja, nikamwambia ni moshi umeniingia machoni.

Fomu nimejaza kwa kalamu ya wino, nisiweze kufuta.

Kazi: sina. Napiga pasi.
Ujuzi: kuosha vyuma. Kupiga pasi, lakini usimuulize mwenye suruali.
Makazi: stoo, nyuma ya stendi.
Ndugu wa karibu: wewe.
Shati: shingo kumi na nne na nusu. Nilisema nimenenepa, nimekonda.
Viatu: namba saba. Siku zote ilikuwa saba. Nilikuwa najaza magazeti mbele.

Mdogo wako