Panga Kwapani, Jioni, Dallas

Dada yangu Kiende, huko Kinoru,

Mimi nina miaka themanini na tatu. Nimezika machifu watatu, daktari aliyenikataza nyama, na ndugu zetu wote isipokuwa wewe. Miguu bado ni ya kijana.

Hapa Embu, mtaa wa Dallas, kwa mwanangu Mutembei ninakula vizuri. Mke wake Lydiah anapika mukimo laini. Lakini kutembea jioni ndiyo taabu. Njia ya miguu hakuna, boda boda zinakupigia honi kama ng'ombe, na ukisalimia mtu anafunga geti.

Juzi nilitoka na panga yangu kwapani, vile tunatembea nyumbani. Nikakuta fensi ya miti ya kayaba, ile ya miiba, imeota mpaka barabarani, nikaipunguza vizuri, bure. Mwenye nyumba akatoka akipiga nduru.

Nikamwambia, "Mama, sema asante kwanza."

Akasema, "Mzee, weka panga chini kwanza."

Sasa Mutembei ameficha panga na kutia geti kufuli. Anasema eti siku hizi ninapotea. Kiende, sipotei. Mageti yote hapa ni meusi, nasimama tu kidogo nikichagua. Mpigie simu, wewe anakusikia. Mwambie mzee akifungiwa kama kuku, hamalizi mwaka.

Kama huniamini, muulize Gachoki, yule askari wa ploti ya kona. Njia zangu anazijua zote, kwa sababu ndiye hunishika mkono kila jioni akanirudisha kwa Mutembei.

Ni mimi kaka yako,
Kailemia