Anayemdai Mbarak na Aje

Likoni, Mombasa

Kwa ndugu yangu Rashad,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola, mimi ni mzima, isipokuwa goti ambalo sasa hulalamika kila nisujudupo. Nataraji nawe na watoto huko Maskati mu katika hifadhi Yake. Shemeji yako Mwanatumu amemaliza eda, naye akusalimu.

Barua yako imenifikia. Umeandika kwamba mauti yamemtoa ndugu yetu Mbarak kesini, basi tugawe mirathi. Ni kweli, mashtaka ya wizi yaliondolewa alipofariki. Lakini serikali imefungua madai mengine juu ya mali aliyoiacha, ikitaka irudishwe fedha ya mradi wa maji wa Mikindani aliousimamia. Maiti hafungwi, mali yake yadaiwa.

Wakili wetu alinishauri ninyamaze. Alisema ni juu ya serikali kuthibitisha, na kwamba nyumba mbili za Magongo ndizo pekee inazozijua. Pengine ningalimtii, lau si neno nililolitamka mwenyewe.

Waijua ada yetu. Kabla ya kumswalia Mbarak nilisimama mbele ya jeneza nikatangaza kwamba anayemdai marehemu na aje kwangu, deni lake nimelibeba. Maneno hayo nimeyasema katika majeneza mengi, na ulimi umeyazoea.

Siku ya hitima akaja mama mmoja wa Mikindani, Agneta, muuza mboga, ambaye siku ile alikuwa nje ya msikiti akanisikia kwenye spika. Alitupa pole, akaketi mkekani na wanawake, akala pilau. Kisha akaniambia, "Mwalimu, ulisema anayedai aje. Mimi nimekuja. Bomba limepita mlangoni kwangu mwaka wa nne huu, halijatoa hata jasho."

Vijana walicheka. Mmoja akamtania kwamba hitimani si ofisi ya maji. Akajibu kwa upole kuwa ofisini alikwenda, akaambiwa mhusika amekufa, ndipo akaja kwa wafiwa. Mwanatumu akawanyamazisha vijana. Deni hutangulia mirathi. Hilo nimelisomesha tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.

Lililobaki ni zito, Rashad, na sipendi ulisikie kwa mwengine. Nyumba hii ya Likoni tunamokaa, ambayo Mbarak alitukiria akiwa kitandani mgonjwa kuwa aliinunua kwa fedha ile akaiandikisha kwa jina lako, serikali haikuwa na habari nayo. Juma lililopita niliitwa mahakamani kwa ajili ya zile za Magongo. Nilipomaliza, jaji aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikamtajia hii. Wakili alinivuta kanzu, nikaendelea. Utaandikiwa ujieleze, nami sitakuzuia kujitetea, wala kunikasirikia. Mwanatumu nilikuwa nimemwambia mapema. Alilia kidogo, kisha akaanza kufunga vyombo.

Tumepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Cha ndani ni cha Mwanatumu na bintiye Hanan. Cha nje ni changu, na kitanda cha pili nimekitandika kwa ajili yako, ukija na ukiridhia kulala chini ya dari moja nami.

Wasalimie wote wa nyumbani. Niombee, nami nakuombea.

Ni mimi kaka yako,
Mahfudh