Meza ya Tatu ya Mama Basilia

El Alto, 9 Septemba 1993

Mdogo wangu Nicasio,

Salamu. Nakuuliza hali kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwamba nina hamu ya jibu. Mimi mzima. Mguu unaniuma kwa baridi na kuku wawili wamekufa, basi, habari ndizo hizo.

Sasa nisikilize. Mwezi wa kumi na moja huu ni meza ya tatu ya kuipokea roho ya Mama siku ya wafu, na ndiyo ya mwisho. Mwaka wa kwanza ulimpa dereva gunia la njugu za msituni aniletee, kana kwamba Mama ni mteja wako. Mwaka wa pili hata gunia sikuliona. Nimeoka peke yangu mara mbili. Miwa ya mlangoni ya kuikaribisha roho, ambayo ni kazi ya mtoto wa kiume, nimeisimamisha mwenyewe juu ya kigoda na mguu huu mbovu, majirani wakinitazama. Mama Casimira wa nyumba ya pili ananiuliza kama una uhai kweli. Nimjibu nini?

Tarehe mosi saa sita mchana Mama anaingia. Tarehe pili saa sita mchana anaondoka, na safari hii harudi tena kuketi nasi. Hakuna meza ya nne. Usipokuwepo kumuaga, huna siku nyingine ya kumuaga mpaka ufe wewe mwenyewe. Lete miwa mirefu ya huko chini, hii ya sokoni ni vijiti tu. Na kama huji, basi jina langu lisahau.

Dada yako,
Eulogia


Riberalta, 27 Septemba

Dada Eulogia,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kiwanda cha mbao kimenila sauti. Vumbi limenikaa kooni, siku hizi nikiongea nakwaruza kama mzee wa miaka themanini. Kuku pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama maana kukaa nilishindwa. Unanipigia kelele za meza? Nani alimzika Mama bila mimi? Alilala kitandani wiki tano, dada. Wiki tano, na malori yanashuka huku kila siku, hukumpa hata dereva mmoja kikaratasi. Kifo cha mama yangu nilikisikia kwa mwuza vitunguu wa bandarini. Alinipa pole huku anapima vitunguu, hakujua kwamba sijui. Barua yako ikaja siku kumi na nne baadaye, mmeshamfukia, mmeshafua nguo zake mtoni na kuzichoma.

Unataka kujua kwa nini sikuja mwaka wa kwanza wala wa pili? Hasira. Bado ninazo, usidhani zimeisha.

Ila nitakuja. Naja kwa ajili yake, si yako. Naondoka tarehe kumi na nane Oktoba, na miwa nitaleta mirefu mpaka ukome.

Mdogo wako,
Nicasio


El Alto, 8 Oktoba

Nicasio,

Salamu utazikuta mlangoni, leo sina.

Mama ndiye aliyekataza. Sikutaka kukuandikia jambo hili, lakini umenichokoza. Ilikuwa Februari, mvua zimepamba moto, na barabara ni ile ile iliyomchukua Baba. Kila nikishika kalamu ananinyang'anya. Alisema, "Ukimwita atarukia lori la kwanza atakaloliona. Mimi nakufa kwa zamu yangu, yeye asife kwa kunikimbilia." Akaniapisha, mkono wangu juu ya kichwa chake. Wewe ungefanyaje, mwanaume?

Nimekaa na kiapo hicho miaka miwili na nusu huku kimya chako kinanitukana. Sasa habari ya kuzika usiniletee tena. Na ukija, panda basi la abiria. Malori ya matunda usiyaguse, wale madereva wanakunywa tangu asubuhi.

Dada yako,
Eulogia


Rurrenabaque, 23 Oktoba

Dada Eulogia,

Shikamoo. Afya ninayo, subira ndiyo imekwisha.

Siku tano kufika hapa, na tatu kati ya hizo tulikuwa tunasukuma gari. Tope la huku linamvua mtu kiatu na halirudishi. Kondakta anatuambia shukeni msukume, tukisukuma anatuambia mnasukuma vibaya. Mama mmoja mnene wa Trinidad, aliyebeba kasuku kwenye kikapu, alimjibu aje asukume yeye na kinywa chake kile. Kasuku naye akarudia kila neno, tukapata cha kucheka.

Barua yako ya Mama nilipewa siku ya kuondoka. Nimekaa nayo njia nzima. Nimekukasirikia, kisha nimemkasirikia yeye, na yeye hana tena mahali pa kukasirikiwa. Kwa nini alidhani siwezi kufika salama kama watu wengine? Tutaongea uso kwa uso.

Miwa ninayo, sita, mirefu kuliko dari lako.

Mdogo wako,
Nicasio


Caranavi, 28 Oktoba

Dada,

Hujambo? Sijambo, ila nina hasira za kutosha watu kumi.

Wakulima wa kahawa wamefunga barabara kwa mawe na magogo. Nimewaambia mama yangu ananingoja tarehe mosi, na mmoja wao, mzee kabisa, akanijibu hata wake anamngoja, nikae chini ninywe chai. Kweli wamenipa chai. Siku ya tatu hii nakunywa chai yao.

Wamesema kesho alfajiri wanafungua. Basi la abiria limejaa mpaka juu, kwa hiyo nimepata lori. Ndiyo, la matunda, usianze. Ni lori la bluu, limepakia machungwa, la mtu anayeitwa Tadeo. Tarehe thelathini niko kwako. Barua hii nampa mwenye pikipiki, atanitangulia.

Mdogo wako,
Nicasio


La Paz, stendi ya mabasi, 2 Novemba

Dada Eulogia,

Hujambo. Mimi mzima. Neno hilo nimelikoleza wino ulisome vizuri: mzima.

Jana nilikuja kwako.

Mimi na Tadeo tuligombana Yolosa, kabla ya kuanza kupanda mlima. Alitaka kuitupa miwa yangu apakie kreti nne zaidi. Nikamwambia akatupe kreti za mama yake. Akanishusha. Nikakaa kando ya barabara siku nzima namlaani, mpaka watu waliokuwa wanashuka wakasema lori la bluu limeporomoka konani. Tangu hapo hizo laana zangu sijui nizipeleke wapi. Njia ikafungwa siku mbili wakitoa maiti. Nikapanda kipande kwa miguu, kipande kwa lori la saruji, nikaingia El Alto jana saa tisa alasiri, tope mpaka kwenye kope.

Ua wako ulijaa watu waliokuja kuombea na kupewa mikate. Nikaegemeza miwa ukutani, nikavua kofia, nikaingia kwenye foleni nikisema nitakusalimia zamu yangu ikifika. Nikaiona meza. Mkate wa Mama, wa umbo la mtu, ulikuwa katikati, na uso wake wa plasta wenye mashavu mekundu. Kando yake mkate mwingine, uso wa mwanamume mwenye masharubu. Nikajua umemwokea Baba.

Zamu yangu ikafika. Ulikuwa umeketi, shali nyeusi mpaka puani, macho kwenye kikapu. Ukauliza, "Unamwombea nani, baba?"

Nikasema, "Basilia."

"Na Nicasio pia. Mwombee mdogo wangu, amefia njiani akija kwangu."

Dada, nilipiga magoti. Nikamwombea Mama, na hilo hakuna atakayenipokonya. Kisha nikajiombea mimi, kwa majina yangu yote, kwa sauti, hatua mbili kutoka miguuni pako, na hukuinua macho. Ukanitilia mikate kofiani. Ukasema asante baba, aje mwingine.

Ulitaka nifanye nini? Nijitambulishe saa roho zimekaa mezani na jina langu limeshaitwa pamoja nazo? Tangu utoto tunajua kwamba aliyeitwa kwenye meza ile akiketi, ameketi moja kwa moja. Nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Niliogopa, sikufichi.

Lakini woga umekwisha, imebaki hasira. Umenilaumu miaka miwili kwamba nimekuwa mgeni, na mimi mwenyewe nimesimama mbele yako hukunijua. Mama ulimzika bila mimi. Sasa na mimi umenizika bila mimi.

Gari la kushuka linaondoka saa nane. Usiniandikie.

Aliyekuwa mdogo wako,
Nicasio


El Alto, 5 Novemba

Mdogo wangu, mpuuzi wewe, kichwa jiwe,

Sikuulizi hali, umeshaikoleza wino. Nilisoma neno lile moja nikakaa chini sakafuni, na sikuendelea na barua mpaka Mama Casimira alipokuja kunipa maji. Kisha nikasoma yaliyobaki, nikatamani uwe karibu nikuzabe kibao.

Redio ilisema Jumamosi. Lori la bluu, machungwa, Tadeo, hakuna aliyepona. Barua yako ya Caranavi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Ningefikiri nini? Kwamba umeshuka kugombania miwa? Nikaenda sokoni kununua uso wa kukuwekea. Nyuso zote za wanaume zilikuwa na masharubu. Nikamwuliza mwuzaji kama hana ya kijana asiye na ndevu, maana ulipoondoka hukuwa nazo. Hakuwa nayo. Nikanunua ile, nikarudi njia nzima nalia kwamba hata sijui sura yako ya sasa ikoje. Na wewe unaniandikia kwamba sikukujua.

Sasa nikuambie. Yule mtu aliyejaa tope namkumbuka. Kwenye Baba Yetu alitoka kwenye mkate akarukia vishawishi, kusamehe kote kati hapo hakukugusa, pale pale Mama alipokuwa anakufinya kila Jumapili. Nilisikia, Nicasio. Sauti haikuwa yako, ilikuwa ya mzee, lakini aliruka kama wewe. Kila mtu nilimpa mikate minne. Wewe nilikupa mitano, na wa tano ulikuwa wa umbo la farasi, ule wa kumbeba msafiri. Sikuinua macho kwa sababu niliogopa nikiinua nikute si wewe. Kosa langu ndilo hilo, nalikubali, na usitarajie nilikubali tena.

Mama nimemuaga tarehe pili saa sita kamili. Ameondoka vizuri, na ameombewa na wanawe wote wawili. Wewe sikukuaga. Walipotaka kuugawa mkate wako niliwafukuza watu uani kwa ufagio, wakasema Eulogia amechanganyikiwa. Lakini jina likishaitwa linadai meza tatu, unajua sheria zetu. Nikikaa kimya, mwakani natakiwa kukupangia tena, na mwaka wa tatu kukuaga. Mimi meza nyingine ya ndugu yangu sipangi.

Kwa hiyo Jumatatu napanda basi la kushuka. Ndiyo, mimi, barabara ile ile. Casimira anabaki na kuku. Mkate wako nimeufunga kwenye shali, umekauka kama tofali. Barua hii nampa dereva wa leo ili ikufikie kabla yangu na usipate pa kukimbilia. Nisubiri stendi ya Riberalta bila kofia, nikutazame usoni. Nikifika, mkate huu nakupiga nao kichwani kwanza, halafu tutaula.

Dada yako,
Eulogia