Kazi ya Gazeti Migombani

Kanazi, Ngara
Ijumaa, 12 Oktoba 2007

Kaka yangu mpendwa Ildefonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe, wifi Eustakia na watoto. Sisi hapa Kanazi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Nilimpeleka zahanati, wakasema ni moshi wa jikoni, si kifua. Mvua zimeanza vizuri na migomba imenyanyuka. Anakusalimu sana, na anasema kwenye picha za ubatizo mlizotuma umekonda, kwa hiyo wifi ajieleze.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ni kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii lazima uisikie mpaka mwisho. Mimi si mtu wa kushangilia, unanijua. Lakini tangu jana nacheka peke yangu nikiosha vyombo, na Mama ameniuliza kama nina homa.

Nianzie pale tulipoachana Agosti. Ulisema kwamba tangu mdogo wetu Domisiana aolewe Kaniha, Mama amebaki peke yake, na kwamba ikiwa hadi mwisho wa Oktoba hakuna mtoto wake anayeishi hapa, utakuja na gari umchukue akakae kwako. Nikasema nitaomba ofisi inihamishie Ngara. Ukacheka, ukasema kazi ya gazeti haifanyiki migombani. Wote wakacheka, na mimi pia, kwa sababu ulilisema vizuri.

Mhariri wangu, Bwana Semkiwa, hakucheka, ila alisema karibu maneno hayo hayo. Alinipa jaribio moja. Alhamisi kulikuwa na msafara wa Warundi wanaorudi kwao kutoka kambi ya Lukole. Akataka habari na picha za msafara huo ziwe mezani kwake kabla ya saa sita mchana, nizitume mwenyewe kutoka nyumbani nitakakokuwa naishi, bila kupitia ofisi ya shirika la wakimbizi wala duka la mtu. Zikifika, Ngara ni yangu. Zisipofika, Jumatatu nirudi Dar. Kwa hiyo, Kaka, kilichokuwa kinapimwa si kompyuta tu. Ni kama Mama angelala kitandani kwake Novemba au kwenye kile chumba chenu cha wageni.

Kompyuta yangu unaijua, ile nyeusi uliyoiita tofali. Ilikuwa inaendeshwa na nakala ya mfumo ya kuchoma, isiyo halali, niliyowekewa na fundi mmoja Kariakoo, na miaka yote imevumilia. Jumatatu, nikiwa mjini Ngara, nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya duka la kuchapa, kisha nikaichomeka kwangu, na virusi vikaingia kama kuku wanavyoingia jikoni mlango ukiachwa wazi. Nilipounganisha simu kwa waya ili nipate intaneti, mashine iliganda, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa, ikazima. Ili kuua virusi nilihitaji dawa mpya ya kwenye intaneti. Ili kufika kwenye intaneti nilihitaji kwanza kuua virusi. Nikazunguka hapo hapo mpaka betri ikaisha.

Ndipo nikampigia Nduwayo. Huyu ni Mrundi aliyesomea kompyuta Bujumbura, na miaka ya karibuni amekuwa akifundisha vijana kwenye kituo cha ufundi pale kambini, niliwahi kumhoji. Yeye mwenyewe alikuwa ameandikishwa kuondoka na msafara ule ule wa Alhamisi. Hata hivyo akaomba kibali cha siku moja, akapata lifti kwenye gari la parokia, na Jumanne asubuhi akawa mlangoni kwa Mama na mkoba wake. Aliiwasha mashine, akaitazama inavyohangaika, akasema, “Dada, hii si kompyuta, hii ni wodi.”

Hakutaka kuitibu. Alisema tuondoe kila kitu na kuweka Linux, mfumo mwingine kabisa wa kuendesha kompyuta. Watu wa nchi nyingi wameutengeneza na kuuacha wazi, ili anayetaka autumie, aunakili na kuugawa bila kuomba ruhusa. Diski zake aliziagiza nje kwa posta, zikaja bure ndani ya bahasha, yake na nyingine za kuwapa watu. Virusi vyangu, alisema, vilizoea nyumba ya zamani. Katika hii mpya visingepata hata pa kushika.

Mama alikuwa ameketi na sisi akimenya ndizi. Akauliza kitu hicho ni cha nani. Nduwayo akamjibu kwa Kirundi kwamba ni cha wote. Mama akauliza kikiharibika anatengeneza nani. Akaambiwa ni yeyote anayeweza. Mama akasema basi ni kama barabara ya kijiji, kitakuwa na mashimo matupu. Nduwayo akacheka, akakubali kwamba mashimo yapo, ila geti hakuna. Jibu hilo lilimpendeza Mama kiasi kwamba aliongeza ndizi nyingine kwenye sufuria.

Umeme tuliupata kwenye betri ya gari niliyoazima kwa mwenye mashine ya kusaga. Picha zangu tulizihamisha kwanza. Kisha skrini ikauliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nimewahi kukaa chini ya meza risasi zikilia nje, nikaendelea kuandika. Jumanne kidole kilikataa. Mama akaniambia nibonyeze, kwani kibali cha mwenzangu ni cha siku moja tu. Nikabonyeza.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa maswali. Lugha gani? Mji gani? Jina lako? Ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo ikauliza pia tarehe na saa. Nduwayo akauliza saa ngapi. Mama akatazama jua lilipofika kwenye kizingiti, akasema saa tatu na nusu. Nduwayo akaandika tatu, akaandika thelathini. Mimi nilikuwa nimeinama begani kwake nikisimamia kila herufi, nikaona ni sawa kabisa.

Mtandao ulitaka kutusumbua. Unajua simu zetu huku. Ukigeuka tu zinadaka mnara wa ng'ambo ya mpaka. Nduwayo akaizuia simu isichague yenyewe, akaiambia kwa mkono ishike mtandao wa Tanzania, akaisimamisha kwenye dirisha la jikoni. Akaandika namba ya kuunganisha, nyota tisini na tisa reli. Tukangoja. Kisha ukurasa ukaanza kushuka, mstari mmoja mmoja, kwenye meza ile ile uliyofanyia hesabu za darasa la saba. Nilipiga kelele, Kaka. Mama akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeona nyoka.

Alhamisi alfajiri nilikuwa Lukole. Malori yaliondoka saa moja asubuhi. Nimeandika misafara mingi, ya kuja na ya kurudi, ila jana niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona: karibu kila familia ilikuwa imeng'oa mlango wa nyumba yake na kuupakia. Milango ya mbao, mingine bado ina namba za chaki. Mama mmoja, Selestina, alikuwa ameukalia wake kama mkeka. Nilipomuuliza kwa nini mlango, akaniambia, “Udongo ni wa Serikali, nauacha. Mlango niliuchonga mimi.” Basi habari nilikuwa nimeshaipata. Nduwayo alikuwa lori la tatu na mkewe. Alinirushia bahasha ya zile diski zilizobaki, akanisihi nisiziweke kabatini. Tuliagana hivyo tu, kwa sababu lori lilishaanza kwenda.

Nilirudi Kanazi kwa pikipiki, nikaandika, nikapunguza ukubwa wa picha ili zipite, nikatuma. Kompyuta ikaandika kwamba barua imekwenda. Nikatazama saa pembeni mwa skrini: nne na dakika kumi. Muda ulikuwa tele. Nikala ndizi za jana.

Saa sita kasoro Bwana Semkiwa akapiga simu. Hakusalimu. Alisema ukurasa wake una tundu, kwamba kisanduku chake cha barua anakiangalia tangu asubuhi na cha mwisho kilichoingia ni tangazo la semina, na kwamba alinionya. Nikamwambia nimetuma. Akasema wote husema wametuma. Mama alikuwa ameacha kufanya kazi, amesimama na ungo mkononi ananitazama usoni. Nikamwomba mhariri atafute jina langu badala ya kutazama juu ya orodha. Nikasikia anabofya.

Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika, na si kwa uzuri. Aliniuliza msafara uliondoka saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi. Akasema barua yangu anayo mbele yake, ipo chini kabisa, imelala kati ya taarifa za usiku, na kwamba imetumwa saa kumi alfajiri na dakika kumi. Halafu akaniuliza, polepole, niliwezaje kuandika kwamba malori yameondoka karibu saa tatu nzima kabla hayajaondoka. “Adelfina,” akasema, “na huyu Selestina umemwota?”

Kaka, miaka kumi na minne naandika na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikageuka kuitazama kompyuta. Ilikuwa inasema 5:54. Nikatazama nje: jua liko utosini, kuku wamejificha chini ya ghala. Nikamtazama Mama. Ndipo nikaelewa.

Tuliipa mashine saa yetu. Saa tatu na nusu ya Mama tuliiandika tatu na nusu, na yenyewe, ambayo haijui kwamba sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, ikaamini ni usiku wa manane. Watu wazima watatu, mmoja mwalimu wa kompyuta, mmoja mwandishi, na hakuna aliyepepesa jicho. Mbaya zaidi, siku mbili nzima nilikuwa naisoma na kuona iko sahihi, maana kila nilipotaka saa nne ilinionyesha nne.

Nilimweleza Bwana Semkiwa habari ya saa ya Mama, kisha nikamwomba jambo moja: asikate simu, nimtumie neno moja sasa hivi, yeye mwenyewe aangalie litajiandika saa ngapi. Akakubali kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Ilibidi nikate mimi, kwa kuwa simu ndiyo hiyo hiyo ya intaneti. Nikaandika “Nipo”, nikatuma, na Mama akaanza kusali kwa sauti ya chini. Simu ikalia.

Nilichosikia kwanza ni kicheko. Bwana Semkiwa ni mtu wa Lushoto, na mama yake pia huhesabu saa kwa jua. Neno langu la saa sita mchana lilikuwa limeingia likidai ni alfajiri ya saa kumi na mbili. Alipopata pumzi akasema habari ya milango inakwenda ukurasa wa kwanza, picha ya Selestina ikiwa juu, na kwamba Ngara ni yangu kuanzia leo, kwa sharti moja: nisimruhusu Mama kugusa saa. Nikampa Mama ujumbe huo. Akajibu kwamba saa yake haina kosa, wakaisahihishe ya Dar.

Kwa hiyo naishi hapa. Sasa nifikie lile ambalo sikukuambia, ulisikie kutoka kwangu. Nilipokupigia mwezi uliopita nikasema nakuja huku Kanazi kwa wiki moja tu kujaribu, nilikuwa nimesharudisha funguo za chumba changu cha Mabibo kule Dar na kitanda nimempa jirani. Sikuwa na pa kurudi Jumatatu. Nilikuficha kwa sababu ungeniita mjinga, na siku ile ungekuwa sahihi.

Na kuna la Mama, ambalo hata mimi sikulijua hadi jana jioni. Tulikuwa tukisema amekubali kuja Mwanza, kwani hakuwahi kukataa. Jana, mhariri alipokata simu, aliingia chumbani, akaburuta kikapu kutoka uvunguni. Alikuwa ameshafungasha. Vitenge viwili, rozari, picha ya Baba, na jembe bila mpini. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Agosti, siku uliyosema. Kwamba mwaka sabini na mbili alipotuvusha mpaka kutoka Burundi, wewe ukimshika kanga na mimi nikiwa mgongoni, hakupata nafasi ya kufungasha, na safari hii alitaka aondoke kama mtu. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba hataki. Akasema hukumuuliza, na mimi pia sikumuuliza. Ni kweli, Kaka. Tulibishana sisi kwa sisi, tukidhani tunamzungumzia yeye.

Chini kabisa ya kikapu kulikuwa na mbegu za maharage ndani ya chupa. Alikusudia kuzipanda uani kwako. Nikamwambia uani kwako kuna saruji hadi ukutani. Akaniomba nimtafutie mpini.

Njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, na gari hilo hilo. Mlete wifi na watoto, mkae siku chache. Utapita shambani kwa uangalifu, upande wa kushoto wa njia, kwa sababu tangu asubuhi hii Mama amepanda.

Msalimie wifi Eustakia, wabusu watoto, na umwambie yule mkubwa kwamba nina diski ya bure ya kumpa. Domisiana na shemeji wa Kaniha wanawasalimu. Mungu awalinde wote.

Ni mimi mdogo wako,
Adelfina