Dainamo Haikufa, Baba Zaituni

Baba Zaituni,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizokuwa ukinicheka kwamba zinatambaa kama siafu. Sijui salamu humfikiaje mtu aliye huko uliko. Dua nakusomea kila baada ya sala, lakini haya mengine hayafai kuwekwa katika dua. Ni habari za trekta. Najua ungeziuliza hizo kwanza, kabla hata ya kuuliza mimi nakula nini.

Bado nimo chumbani mwetu. Eda yangu inakwisha kesho. Miezi minne na siku kumi sijavuka kizingiti cha mbele, natoka uani tu na kurudi. Mama yako analala nami tangu siku ya msiba, na anakoroma vilevile ulivyokuwa ukikoroma wewe. Wewe nilikuwa nikikusukuma mbavuni. Yeye simsukumi, namsikiliza tu mpaka usingizi unichukue.

Trekta lilibaki bandani pale ulipoliacha ile asubuhi homa ilipokushika. Matanga yalikwisha, watu wakarudi makwao, na hakuna aliyeligusa. Mvua za mwanzo zikaja na upepo, zikalipiga ubavuni, na kuku wa jirani akaatamia chini ya kiti chako. Watu wakaanza utani kwamba na lenyewe limekaa eda. Nilicheka, nikaona haya kwa kucheka, kisha nikacheka tena, maana ni utani ambao ungeutoa wewe.

Mdogo wako Mbwana ndiye aliyelishika baadaye. Usimkasirikie, alijitahidi sana. Alipeleka betri Ikwiriri kutiwa chaji, akairudisha ameifunga nyuma ya baiskeli, trekta likawaka, akalima nusu asubuhi. Kesho yake likawa bubu. Akaipeleka tena, likawa bubu tena. Alipochoka akalipiga teke gurudumu, akasema chombo kimekufa na mwenyewe, na kwamba yupo mtu Mohoro anayenunua vyuma, atakuja na lori Ijumaa.

Unajua maana yake. Trekta likiondoka, na nyumba hii haina cha kuishika. Tungegawana kidogo kilichopatikana, nami ningemchukua Zaituni nikarudi visiwani kwa kaka zangu wakata mikoko, nikae kwenye kona ya nyumba ya watu mpaka wachoke nami. Sikutaka. Nilimwambia mama yako nataka kusema na Mbwana juu ya dainamo, kile chombo cha kuijaza betri chaji injini ikizunguka. Akanitazama kama vile homa yako imenihamia.

Shemeji si mtu wa kukaa naye ndani ya eda, kwa hiyo tulifanya hivi. Mbwana alilisukuma trekta na vijana wa jirani mpaka kiwanjani, likatazama mlango wetu. Mama akakaa kizingitini juu ya mkeka. Mimi nikawa ndani, nyuma ya pazia la kanga, nimeelekea ukutani. Nikisema neno, yeye analipeleka nje. La nje analileta ndani.

Ungecheka mpaka ukohoe. Nilimuuliza Mbwana kama mkanda wa dainamo umelegea, mama akapaza sauti, "We Mbwana, anauliza mkanda wako umelegea!" Mama anaapa kwamba Mbwana naye alijishika kiuno. Tulipoelewana, akaubonyeza kwa dole gumba kama ulivyokuwa ukifanya, akasema uko sawa. Vichwa vya betri vilikuwa safi, alikwisha kuviosha kwa maji ya moto. Alitaka kufungua kile kisanduku cheusi chenye nyaya kinachodhibiti chaji, nikamkataza, maana hakuna aliyekwisha kukithibitishia kosa.

Betri ilikuwa imetoka tena Ikwiriri na chaji yake, na ili kuitunza akapiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, likawaka. Nikataka awashe taa na avute mkono wa mafuta. Taa zikiongezeka mwanga injini inapokaza, dainamo inaleta umeme. Zisipoongezeka, tunakula akiba ya betri tu. Hayo nayajua kwa kukaa juu ya kiti hicho jioni nyingi, wewe umezama chini ya boneti na huwezi kuiona geji ya chaji, unanipigia kelele, "Umepanda?" nami nautazama mshale na kukujibu, "Haujapanda." Ulikuwa ukiniita geji yako yenye ulimi.

Mama akaniletea jibu kwamba taa hazikuongezeka. Mshale ulikuwa umelala upande wa kutoa. Nikamwambia azime, afungue bangili ya bati inayoizunguka dainamo, aangalie vile vijiwe vya makaa vinavyokaa juu ya shaba. Kimoja kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye nyumba yake kwa unyevu, na shaba imekuwa nyeusi. Akaisugua kwa msasa, akakilegeza kijiwe, akafunga. Nilikuwa na hakika tumemaliza. Nilikwisha hata kuanza kutabasamu huko ndani peke yangu.

Akaliwasha. Taa zikabaki vilevile.

Nilimsikia akitupa spana chini. Akasema taratibu, na safari hii hakumwambia mama, alilisemesha pazia lenyewe: "Shemeji, limekufa hili. Tuliache liende."

Baba Zaituni, hapa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku chache kabla ya hapo niliamka nikajaribu kuikumbuka sauti yako, nikaikosa. Uso nilikuwa nao, mikono nilikuwa nayo, hata harufu ya grisi kwenye kanzu yako. Sauti hakuna. Niliogopa kuliko siku waliyokubeba. Na pale nyuma ya pazia, Mbwana aliposema limekufa, nikaisikia. Ni wewe mwaka ule trekta lilipokaa miezi likisubiri ekseli. Ekseli ikaja, ukafunga, chaji ikakataa, nami nikasema dainamo imekufa. Ukasema kwa ile sauti yako ya puani, "Haijafa. Imesahau."

Ulinieleza kwamba ndani ya kile chuma hubaki sumaku kidogo, na sumaku hiyo kidogo ndiyo inayoianzishia kazi. Ikikaa muda mrefu bila kuzungushwa, sumaku hupotea, nayo huzunguka bure kama asiye na habari. Ukachukua waya, ukaikumbusha kwa umeme wa betri.

Nikamwambia mama, na mama akamwambia Mbwana: zima injini, toa nyaya kwenye dainamo, chukua waya mmoja kutoka kichwa cha betri kile kisichofungwa kwenye mwili wa trekta, uguse ile skrubu ndogo ya dainamo. Gusa tu, usishikilie. Mama akaongeza lake, ambalo hata sikumtuma, na ni maneno yako hasa: "Kama unaonja mchuzi wa moto, mwanangu!" Kumbe naye alikuwa akikusikiliza miaka yote hiyo. Nikasikia cheche, tsk. Na nyingine. Mbwana akarudisha nyaya, akapiga hendeli.

Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia. Mwanga wa taa ulipita kwenye pazia ukatua ukutani mbele yangu, mwekundu na mchovu, kwenye kigingi ambacho kofia yako bado inaning'inia. Injini ikakaza. Na mwanga ukapanda. Nilihesabu nyuzi za kofia yako, Baba Zaituni, kwa weupe ulioingia humo ndani. Kabla Mbwana hajapiga ukelele, kabla mama hajageuka kuniambia, nilikwisha kusema kwa sauti, "Umepanda." Hakukuwa na wa kunisikia chini ya boneti. Nikalia siku hiyo kilio ambacho watu walikingoja kwangu tangu mazishi.

Ijumaa lile lori la Mohoro lilikuja likakuta banda tupu. Mbwana alikuwa bondeni analima. Amelima mashamba ya watu wengi tangu siku hiyo, na mpunga wa kwanza umekwisha kuota. Ameapa mbele ya mama yako kwamba trekta haliuzwi maadamu mimi na Zaituni tumo katika nyumba hii. Siku hizi likisumbua haendi Ikwiriri, anakuja kukaa nje ya dirisha na kukohoa, ili nimuulize lina nini.

Kesho nitaoga, nitavaa kanga mpya aliyoninunulia mama yako, na nitatoka kwa mlango wa mbele. Alhamisi jioni tutakusomea Yasini kama kila wiki. Tukimaliza, nitakwenda bandani mimi mwenyewe, nitakaa kwenye kiti chako, nitaliwasha na kuvuta mkono wa mafuta mpaka mshale upande. Hata kama hakuna shamba la kulima. Hata wakati wa mafuriko, bonde likiwa maji matupu. Kila Alhamisi, maadamu ningali hai, nakuahidi, ili lisisahau. Na mimi nisisahau.

Lala salama, mume wangu. Mungu akuangazie ulipo.

Ni mimi,
Mama Zaituni, geji yako